Kerezo la Marekani na Saa ya Mama Mkwe

Shemeji yangu alipotutumia kerezo kutoka Marekani, lilifika Tanga limeviringishwa kwenye mablanketi, pamoja na redio yenye saa, masufuria na viatu vya watoto. Mume wangu akalifunga kwa boliti juu ya meza ya mkongo, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba. Akanunua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 hadi 110, akaanza kukereza miguu ya stuli. Mninga tulikuwa nao, na stuli za kukereza zina wateja.

Kazi ikatoka vibaya. Miguu ilikuwa na nyuzi zilizochanika, hasa pale kwenye shingo nyembamba ambapo mti unatakiwa uzunguke upesi ili patasi ipite bila kukwaruza. Patasi zikanolewa upya, hali ikawa ile ile. Akizidisha mkono kidogo tu, mota inanguruma kwa sauti nzito, mwendo unashuka, na baada ya muda inajizima. Ukigusa ganda lake unautoa mkono upesi. Ikipoa inawaka tena. Asubuhi nzima ikawa ni kukereza kidogo, kisha kukaa juu ya ndoo kungoja mota ipoe, maranda yamejaa miguuni na stuli hazionekani.

Nyumbani kila mtu akawa na mtuhumiwa wake. Mwanangu wa kiume alisema mkanda umelegea. Ukakazwa mpaka beringi zikaanza kulia, ikabidi urudishwe. Mimi niliushuku waya, kwa sababu ulitoka dirisha la sebuleni hadi bandani, mrefu na mwembamba, na sehemu iliyobaki imekunjwa ilikuwa na joto. Tulinunua mnene zaidi, na kweli mota ikapata nafuu kidogo. Fundi aliyeitwa akabadilisha kapasita, haikusaidia. Alipokuja tena alitoa hukumu:

“Mama, hii mota imechoka. Koili zimeungua nusu, ndiyo maana inachemka. Nipeni nikaisuke upya.”

Bei aliyotaja ilikuwa sawasawa na ada ya binti yetu. Mume wangu alikuwa tayari. Mimi nikaomba tungoje mwisho wa mwezi, na kwa siku kadhaa chakula cha usiku kililiwa kimyakimya.

Aliyetutoa gizani ni mama mkwe, ambaye mota haikumhusu kabisa. Shida yake ilikuwa saa. Ile redio ilikaa bandani, imechomekwa kwenye transfoma ile ile, mume wangu akisikiliza taarifa ya habari huku anakereza. Mama hupenda kukaa kivulini karibu na mlango wa banda akichambua mchele, na alikuwa akiitupia jicho saa hiyo kujua kama adhuhuri imekaribia.

“Mwanangu, mwadhini ameshaadhini, saa yako inasema bado nusu saa.”

Ilirekebishwa asubuhi, ikifika mchana imebaki nyuma tena. Binti yetu, aliye kidato cha tatu, akakaa nayo na simu mkononi akilinganisha. Kila saa moja, dakika kumi zinapotea. Si tisa, si kumi na moja. Akanyamaza, akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota. Vumbi na grisi vilipotoka, maandishi yakasomeka: volti 115, hezi 60, mizunguko 1725 kwa dakika.

“Baba, transfoma imeshusha volti tu. Hezi haijazigusa.”

Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mota ya namna hii, isiyo na kaboni wala rigleta, mwendo wake unaamuliwa na mapigo hayo. Yenye ncha nne za sumaku, kwa hezi 60 mwendo wa umeme wake ni 1800 kwa dakika, na ikibeba mzigo inashuka hadi 1725. Kwa hezi 50 ni 1500, na ikibeba mzigo ni kama 1440. Saa ya redio nayo ilikuwa ikihesabu mapigo hayo hayo, ndiyo maana saa nzima ikipita yenyewe inasoma dakika 50. Na lile joto? Hezi zikipungua huku volti zimebaki pale pale, chuma cha ndani hushiba sumaku, mota inavuta umeme kupita kiasi, na ziada hiyo yote inageuka moto. Mota yetu ilikuwa nzima kabisa. Fahari niliyoipata kwa mtoto yule siwezi kuificha.

Tiba zilikuwa mbili. Transfoma ilikuwa na tundu jingine la volti 100. Volti 115 zikipunguzwa kwa sehemu moja ya sita, kama hezi zilivyopungua, unapata 96 hivi, kwa hiyo tukahamia hapo na mota ikaacha kuchemka. Kisha fundi wa chuma akatuchongea puli ya upande wa mota, kila ngazi kubwa kwa sehemu moja ya tano: iliyokuwa inchi 2 na nusu sasa ni inchi 3. Mota ikasogezwa kidogo ili mkanda ukae sawa. Mwendo umerudi, na shingo za stuli zinatoka laini. Nguvu imepungua kiasi, basi patasi inaingizwa taratibu. Redio imehamia sebuleni kwenye transfoma yake ndogo, kwa ajili ya habari tu, na mama amenunuliwa saa ya betri.

Ndugu msomaji, ukiwa na kerezo, msumeno wa meza au randa ya umeme iliyotoka Marekani, na inakwenda polepole huku inachemka, futa kibati kwanza usome mstari wa hezi. Kimeandikwa 50/60? Tafuta ugonjwa kwenye waya, mkanda au kapasita. Kimeandikwa 60 peke yake? Usimruhusu mtu yeyote kukata koili.