Choo cha Nyuzi 60

Ukitaka maji ya moto Magomeni unahitaji jiko, sufuria, na mtu wa kukupigia kelele kwamba yamechemka. Ukiyataka kwenye mgahawa mdogo wa Blacktown, magharibi mwa Sydney, unahitaji fundi mwenye leseni, mabomba ya shaba ya gharama ya harusi, na moyo wa kutazama yote yakifungwa bila kuuliza bei kila dakika tano. Mke wangu anao moyo huo. Aliyekuwa akiuliza bei ni mimi.

Hita ya zamani ilikuwa ya kiasi cha familia ya watu wanne. Kila Jumamosi, masufuria ya pilau yakirundikana, maji yalitoka moto kwa sufuria mbili za mwanzo, vuguvugu kwa ya tatu, na kuanzia hapo mwosha vyombo alisugua mafuta ya mbuzi kwa maji ya Julai, mwezi ambao Sydney iko katikati ya baridi. Mafuta ya mbuzi yakishaganda hayana mzaha na mtu. Ikaamuliwa: hita mbili za gesi, zile za biashara, kila moja ya lita 300 hivi, zifungwe sambamba nyuma ya ukuta wa jiko.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na wageni, baba mkwe na shemeji yangu. Shemeji ni fundi bomba wa miaka mingi. Nusu ya mtaa wao inaoga kwa kazi ya mikono yake. Lakini hapa New South Wales asiye na leseni haruhusiwi kugusa mabomba, labda abadilishe mpira wa koki au kichwa cha bafu, basi. Nilipomweleza kwamba uanagenzi wa kazi hiyo huchukua miaka 4, akauliza kama wanafundishwa na kulijenga Bwawa la Warragamba lenyewe, linakotoka sehemu kubwa ya maji ya Sydney. Akavuta kiti, akakaa kutazama. Kwa fundi hiyo ni adhabu kubwa kuliko faini.

Fundi wetu, kijana wa asili ya Lebanoni, alifika mapema, akapima, akachora ukutani kwa chaki, akapima tena. Mabomba ya hita ya kwanza na ya pili aliyakata urefu mmoja, elbo kwa elbo, tii kwa tii, hata pale ambapo hita moja ilikuwa imeegemea kabisa bomba kuu.

"Shemeji, mwambie huyu bwana apitishe hapa moja kwa moja," shemeji akanong'ona. "Anamaliza shaba ya watu."

Nikatafsiri. Fundi akazima mtungi wake wa kuchomelea na kueleza kwa upole. Maji hupenda njia fupi. Bomba la hita moja likiwa fupi kuliko la mwenzake, maji mengi yatapita humo, na hizo hita zitakuwa kama ndugu wawili waliorithi shamba moja: mmoja analima, mwingine anatokea siku ya mavuno. Mke wangu akageuka akamtazama kaka yake. Mjadala wa shaba ukafungwa.

Saa nne kamili ikaingia smoko, mapumziko ya chai ambayo fundi wa Australia hayavunji hata nyumba ikielea. Kabla ya kukaa alifunga koki kuu ili mabomba ya zamani yajikaushe. Kwa ramani ya mwenye jengo, kila duka lilikuwa na koki yake. Kwa hali halisi, koki ile ilikuwa yetu na ya saluni ya jirani. Tulilijua hilo mwenye saluni alipoingia kwa hasira, na nyuma yake mteja mwenye povu zito kichwani, taulo shingoni, kimya kabisa, ukimya wa mtu anayetafuta namba ya wakili. Bomba letu lilikuwa limeshakatwa. Kufungua koki kungekuwa kuiogesha hita. Mke wangu akatoa sambusa na chai ya tangawizi, mimi nikachemsha maji ya chupa kwenye birika na kuyachanganya na ya baridi, na shemeji akammiminia mteja kichwani kwa jagi, polepole, bila tone kuingia sikioni. Ndiyo kazi pekee ya maji ambayo sheria ilimruhusu siku hiyo, na aliifanya kama daktari.

Lililomshinda baba mkwe ni hesabu ya joto. Tangini maji hayatakiwi kushuka chini ya nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Jina hilo lilitokana na maveterani wa American Legion waliougua baada ya mkutano wao mjini Philadelphia mwaka 1976. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, wakati yale ya nyuzi 50 huhitaji kama dakika 5. Kwa hiyo sinki la masufuria linapata moto wake kamili, ila yanayokwenda kwenye beseni la kunawia ni lazima yapitie vali inayoyachanganya na ya baridi yasizidi nyuzi 50.

"Yaani mnalipa gesi yapate moto," mzee akasema, "halafu mnalipa vali yapoe."

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Hatari ya kweli ilikuja alasiri. Hita zikawashwa, na baada ya muda kijibomba cha pembeni kikaanza kudondosha. Shemeji, aliyekaa kutwa nzima bila kazi, hatimaye akaona kosa la mwenye leseni. Tulipogeuka tulimkuta amechonga kijiti na yuko njiani kukiziba. Fundi alipiga kelele kwa Kiarabu, na shemeji, aliyesoma madrasa, akaelewa vya kutosha kusimama. Maji yakipashwa hutanuka: lita 300 zikipanda kutoka baridi ya Julai hadi nyuzi 60 huzaa kama lita 5 za ziada, na hizo lazima zitokee mahali. Zikikosa njia, zinaitafuta kwenye tangi, na tangi likipasuka halichagui mwenye leseni wala asiye nayo. Kijiti kikawekwa mezani. Mke wangu bado anakitumia kuchokonolea jiko la mishkaki.

Ikabaki kujaribu. Koki zilikohoa, zikatema hewa, zikatema maji ya kutu, kisha yakaja moto wa haki. Sufuria ya mbuzi ikatakata. Tukiwa tunapongezana, mlango wa choo ukafunguka, baba mkwe akatoka na mvuke nyuma yake.

"Wanangu," akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuhiji, "nchi hii imeendelea. Hata choo wanakipasha."

Fundi alikimbilia ndani. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alipotafuta bomba la kujazia tangi la choo alichukua lililo karibu, na lililo karibu lilikuwa la moto. Enzi za hita kuukuu iliyokaa upande wa pili wa jengo, maji yalipoa njiani na hakuna aliyeshtuka. Sasa hita zilikuwa nyuma ya ukuta wenyewe. Kumbe Jumamosi zote zile, kila mteja aliyevuta maji chooni alikuwa akiinyang'anya sufuria ya tatu haki yake.

Nikamuuliza fundi kama basi, kwa hesabu hiyo, hita moja ingetosha. Ghafla akawa na spana nyingi sana za kukusanya.

Kesho yake alirudi kuhamishia choo kwenye bomba la baridi, na kazi hiyo ikawa na ankara yake. Baba mkwe alisononeka. Kwamba tumelipa fedha kuondoa starehe lilikuwa jambo lisilomwingia akilini. Jioni nilimsikia akimvuta mwanawe pembeni na kumwomba, kwa siri, alirudishe lile bomba lilikokuwa.

"Siwezi, baba," shemeji akajibu, tena kwa sauti ya sisi sote kusikia. "Sina leseni."