Kasida ya Banda la Mbuzi

Majumba ya Pate yalipogeuka magofu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatungia Al-Inkishafi, na mpaka leo tunayahurumia majumba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyelala ndani yake. Banda la mbuzi halijapata mtunzi. Mimi ambaye nimepakana na banda moja kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, najitolea kulisifu. Nisipolisifu nitalitia moto, na kutia moto jengo la mtu ni jinai hata kama jengo lenyewe halina kibali.

Liko nyuma ya nyumba yetu, huku Eastlands ya Nairobi, pale mtaa unapokwisha na ardhi inapoanza kuteremkia mtoni. Limejengwa kwa mabati yaliyokwisha kutumika mahali pengine, nguzo za mkaratusi, mlango wa friji iliyokufa, na bango la mgombea udiwani aliyeanguka kura, ambaye sasa anawatabasamia mbuzi kutoka ukuta wa ndani. Ndiyo hadhira pekee iliyobaki kumsikiliza. Mwenye mbuzi ni mzee ambaye mtaa mzima unamwita Guka, yaani babu, wakiwemo wasiojua Kikuyu hata kidogo. Hesabu ya mbuzi wake hupanda na kushuka kulingana na karo za wajukuu. Januari huwa wachache sana, kwa kuwa wengine huwa wameshapelekwa Kiamaiko, ambako mbuzi wa Eastlands yote humaliza safari yao, pamoja na ndugu zao waliosafirishwa kwa lori kutoka Moyale na Marsabit.

Fadhila ndogondogo za banda nitazipitia mbio. Harufu yake huwazuia wageni wasioalikwa, na walioalikwa pia. Nzi wake si wachoyo, hula mezani pa kila mtu. Beberu wake hutuamsha saa kumi alfajiri, kabla ya mwadhini na kabla ya makanga wa matatu ya kwanza, na halipishi. Samadi yake hukuza sukuma wiki za majirani, ambazo mbuzi hao hao huzila, wakahakikisha kwamba hakuna kitu kinachopotea.

Fadhila kuu ya banda ni utii. Hiyo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu sijaona ikitajwa katika kitabu chochote cha mipango miji. Banda la Guka ndilo jengo pekee mtaani kwetu ambalo likiambiwa libomoke, hubomoka.

Ona jinsi mambo yanavyokwenda kwa majengo mengine. Maofisa huja na mkebe wa rangi, wakachora X nyekundu kwenye ukuta wa fleti. Wiki hiyo hiyo X inafunikwa na ubao wa M-Pesa. Mwezi unaofuata ukuta unapakwa rangi upya, na mwenye ploti anapata agizo la korti la kusimamisha ubomoaji mpaka kesi isikizwe. Siku ya kusikizwa wakili anaugua. Jaji anahamishwa. Fleti, kwa sababu ya msongo wa mawazo, inaongezwa orofa.

Banda halina wakili. Maofisa wakifika asubuhi na kusema, "Mzee, hii kitu lazima itoke," Guka hujibu, "Sawa, watoto wangu," kisha huwatoa mbuzi mmoja mmoja na kuwafunga kwenye mti wa miiba. Huchukua nyundo akang'oa misumari yeye mwenyewe, huku akiitia katika mkebe wa mafuta ya Kimbo ili isipotee. Mabati huyapanga makubwa chini, madogo juu. Kufikia saa nne hakuna jengo. Pana uwanja safi tu, mzee mwenye heshima, na mbuzi wanaocheua kwa utulivu. Maofisa hupiga picha, hujaza fomu, huondoka wakiwa wamefanya kazi ambayo mwaka mzima hawajaweza kuifanya kwenye jengo lolote la mawe. Nadhani wengine huja kwetu kwa ajili ya kujiliwaza tu.

Jioni, jua likikaribia kutua, misumari hutoka katika mkebe wa Kimbo na kurudi katika matundu yale yale. Banda husimama, limesogea labda hatua mbili. Hapo ndipo utii wake unapofikia kina ambacho wanasheria hawajakipima: lile lililoamriwa kubomolewa limebomolewa, na hili ni jengo jipya ambalo bado halijapewa ilani. Haliwezi kushtakiwa kwa kukaidi amri ambayo haijatolewa. Linaingoja kwa unyenyekevu.

Na X zake! Kila bati limewahi kuchorwa, na kila mara mabati hurudi kwa mpangilio tofauti. Mkono mmoja wa X uko juu ya mlango, wa pili uko paani, wa tatu umepinduka karibu na hori. Ukilitazama banda kutoka barabarani unaona mistari myekundu iliyopishana kama kitenge, na hakuna hata X moja iliyokamilika. Ofisa mmoja kijana, aliyeajiriwa karibuni, alizunguka na mkebe wake akitafuta bati safi la kuchorea. Alikosa. Mwishowe aliandika tarehe tu, akaomba maji ya kunywa.

Tena hakuna anayeheshimu ramani za jiji hili kuliko wakazi wa banda hilo. Mpango Mkuu wa 1948, uliotungwa Nairobi ikiwa mji mkuu wa koloni, uligawa makazi katika vitongoji vyenye viwanja vya wazi, na katika mitaa ya zamani kama Kaloleni bado unaona nyumba fupi zilizoachiwa nafasi ya kupumua. Ukaja mkakati wa ukuaji wa jiji wa 1973. Ukaja ule mpango wa karatasi wa 2014 uitwao NIUPLAN, wa kutufikisha 2030. Katika ramani za aina hii kingo za mito hupakwa rangi ya kijani, na katika Nairobi ya kweli viumbe pekee wanaoichukulia kwa uzito rangi hiyo ni mbuzi. Wao huenda pale penye kijani na kukila. Wanadamu wamepaona kijani wakapaita ploti.

Sheria nayo, kwa maandishi, inalipenda banda. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kukuza, ndugu msomaji, ndilo neno linalotangulia. Guka alipoambiwa kwamba mfugo wa jijini sasa una sheria yake, alivaa koti akaenda kutafuta kibali katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado tunaihitaji. Aliombwa hatimiliki ya ardhi. Aliombwa stakabadhi za kodi ya ardhi, ramani iliyochorwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, na mchoro wa banda ukionyesha sura ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni. Mzee aliuliza kama beberu naye achorwe. Karani alisema atauliza.

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inasema kwamba aliyeomba ruhusa ya kujenga asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabiwe amekubaliwa. Ni kifungu kizuri mno. Kilitungwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya umma. Guka alihesabu siku zake, akarudi. Aliambiwa kwamba siku huanza kuhesabiwa faili inapopokelewa, na faili yake haijapokelewa, imeletwa tu.

Halafu kuna suala la mto. Jengo likae umbali gani kutoka kwenye maji? Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema hifadhi ya mto iwe kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufikia. Kanuni za kilimo zilizotangulia zilianzia mita 2. Kwa hiyo ofisa anashuka kwenye gari akiwa na mto unaonyumbuka. Akifika kwa Guka, mto ni wa mita 30, na futi-kamba inavutwa mpaka inaingia kwenye hori. Akifika kwenye fleti ya jirani, ya orofa nane, iliyo karibu na maji kuliko banda, mto unakuwa wa mita 6, na hata hizo sita huanzia mahali ambapo maji yangekuwa kama yangekuwa na adabu.

Nimeahidi kusifu na nitaendelea kusifu. Lakini niruhusiwe kusema kwamba mvua za masika zikianza, kile kilichomo bandani hupita chini ya ukuta wangu na kuingia jikoni. Hakibishi hodi. Mke wangu ameacha kuuliza ni lini nitafanya jambo. Mimi, siku moja, nilifanya jambo: nilikwenda kushtaki. Akaja ofisa, akalitazama banda kwa muda mrefu, akatafuta nafasi ya X. Nikamwambia, mkubwa, hebu inua macho. Fleti ile imesimama mbele yetu, imelifunika jua langu tangu saa nane mchana, na bomba lake la maji taka linateremka ukutani waziwazi hadi mtoni. Yeyote mwenye pua anajua linabeba nini. Mbuzi wa Guka wanachafua, nakubali, ushahidi uko jikoni kwangu. Lakini ukiweka mbuzi hao upande mmoja na orofa nane za vyoo upande wa pili, kweli tatizo la mto huu ni mbuzi?

Ofisa hakuinua macho. Alisema, "Hiyo ni ya idara ingine." Alisema huku akitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimekwisha kukanyaga samadi, na nikafurahi.

Nasema haya kwa sababu hiyo idara nyingine huwa haifiki mpaka imechelewa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la orofa sita kando ya mto huko Huruma liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Kuorodheshwa lilikuwa limeorodheshwa. Kubomolewa ndiko kulikokosa mtu. Wapangaji waliendelea kulipa kodi kila mwezi chini ya hukumu hiyo, na waliopokea kodi waliendelea kuipokea.

Na si kwamba serikali haina nguvu. Septemba 2018 iliangusha jumba kubwa la maduka kwenye makutano ya barabara ya Outer Ring, lile ambalo watu hawakuacha kuliita Taj Mall hata lilipobadilishwa jina. Ilipotaka, iliweza. Mei 2020, katikati ya korona na kafyu, matingatinga yaliingia Kariobangi, kwenye ardhi iliyodaiwa na kampuni ya maji, na maelfu ya watu wakalala nje kwenye mvua. Walikuwa na agizo la korti la kuzuia ubomoaji. Agizo la aina ile ile linaloiweka fleti ya jirani yangu wima halikuweza kuzuia tingatinga dakika kumi pale ambapo nyumba zilikuwa za watu wadogo. Mei 2024, baada ya mafuriko, wakazi wa kando ya mito walipewa saa 24 kuondoka. Mathare na Mukuru mabati yalikunjwa na mashine, na hakuna aliyepewa nafasi ya kung'oa misumari yake na kuitia katika mkebe.

Basi utii wa banda ndio unaolipendeza mno ofisini. Jengo linalobomoka bila kesi, bila simu kutoka kwa mheshimiwa, bila mwenye ploti kuuliza "unajua mimi ni nani," ni neema kwa idara yenye takwimu za kujaza. Ripoti ya mwaka inahitaji idadi ya majengo yaliyoondolewa katika hifadhi ya mto, na banda la Guka peke yake linaweza kuwa limeondolewa mara nyingi kuliko mtaa mzima wa Pipeline. Huenda kwenye karatasi mto wetu umeshakombolewa. Huenda kuna mtu aliyepandishwa cheo kwa mgongo wa beberu.

Juzi nilimuuliza Guka kwa nini asihame tu. Alisema anahama kila mara, hatua mbili mbili, na kwa mwendo huo atafika Kangundo kabla ya wajukuu kumaliza shule. Kisha akaniletea maziwa kwenye chupa ya soda, kama anavyofanya kila jikoni kwangu kukilowa. Nikayapokea. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Ombi langu kwa ofisi ni moja. Mkirudi na mkebe wa rangi, anzeni na fleti. Pandeni ngazi mpaka orofa ya nane, gongeni kila mlango, waambieni wapangaji kwa mdomo wenu jengo lina kibali au halina, na nani alikisaini, ili anayetaka kuhama ahame kabla ya masika. Mkimaliza, shukeni mje kwa banda. Mtalikuta, na litabomoka mara moja.