Sifa za Dalali wa Vyumba

Mtu akihamishiwa Dar es Salaam kikazi, washauri wa mahali pa kupanga hawamkosi. Shangazi aliyeko Tabata atamwambia Tabata. Mfanyakazi mwenzake wa Kigamboni atausifu upepo wa bahari na kuisahau foleni ya pantoni. Aliyejenga Goba ataapa kwamba mji wote sasa unahamia Goba. Wote wana nia njema na wote wanasema uongo, kwa kuwa hakuna anayetaka kukiri kwamba yeye mwenyewe alichagua vibaya. Katika kundi hili yupo mmoja anayeitwa tapeli, mnyonyaji na mla jasho la watu, na huyo ndiye ninayekuja kumsifu: dalali wa vyumba. Ofisi yake ni benchi chini ya mwembe jirani na kituo cha daladala. Bango lake ni kipande cha ubao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Jina halipo, namba ya simu ipo. Nadai kwamba huyu ndiye mwalimu wa mji, kwamba chombo chake cha kufundishia ni uongo, na kwamba kwa mji wa namna hii hakijapatikana chombo kilicho bora zaidi.

Tuutazame mji wenyewe. Sensa ya 2012 iliukuta na watu 4,364,541. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao wako mahali ambapo mpimaji wa ardhi alifika baada ya nyumba, au hajafika kabisa. Sinza na Kijitonyama zilipata bahati ya mradi wa viwanja wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kwingi kwingine watu walijenga kwanza, njia ikatafutwa baadaye. Majina nayo ni mtego. Anayeambiwa kuna chumba kizuri Mbezi hajaambiwa kitu, maana Mbezi Beach iko upande wa bahari, Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro, na aliyeshuka kwenye Mbezi isiyo yake ana safari nyingine mbele yake. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikasimikiwa vibao. Jambo jema. Lakini mpe bodaboda namba ya nyumba yako uone kama hatakuuliza ni jirani na msikiti gani. Dalali haulizi. Ramani iko kichwani mwake, nayo inakwenda na wakati kuliko ramani yoyote ya ofisini: anajua chumba kitabaki wazi hata kabla mpangaji aliyemo hajaambiwa.

Sasa tuje kwenye uongo wake, ambao ndio kiini cha sifa zake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Dalali alilichukua onyo hilo akaligeuza tangazo la biashara: kila nyumba yake iko dakika tano kutoka barabarani. Wanaomlaumu hawajaona jambo moja, kwamba uongo unaodhuru ni ule unaobadilikabadilika. Wa kwake haubadiliki, na mizani iliyochezewa kwa kiasi kilekile kila siku bado inapima vizuri ukishajua kiasi chenyewe. Mgeni akitembezwa dakika ishirini badala ya tano, ameshapata kizidisho, na kizidisho hicho kitamfaa Kimara, Buza na Chanika bila kurekebishwa. Msamiati uliobaki anaujifunza vivyo hivyo. Mtaa umetulia: bodaboda hawapendi kuingia huko usiku. Maji hayakatiki: kuna kisima, na chai yake itakuwa na chumvi. Luku ni yenu wenyewe: wenyewe ni wapangaji watano, na mmoja wao anauza barafu. Mwenye nyumba hana shida: anakaa chumba cha mbele, dirisha lake linatazama geti. Kuna mtu anakuja na hela saa kumi: hakuna mtu.

Hata anaponyamaza anafundisha. Desemba 2011 mvua kubwa ziliujaza mto Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakafa, na baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila mwenye akili anajua kwamba swali la kwanza kuhusu nyumba ni maji ya mvua yanapita wapi. Dalali hatalijibu, kwa sababu hutembeza wateja wakati wa jua kali na mvua haimhusu. Basi tazama ukuta. Ukikuta rangi mpya imepakwa kutoka chini hadi kiunoni, na ya zamani imeachwa juu, umeshajibiwa. Na akikuharakisha kutoka chumba cha nyuma, rudi chumba cha nyuma.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza yanayolikuta soko ambalo muuzaji anaujua ubovu wa mali na mnunuzi haujui. Mfano wake ulikuwa magari yaliyotumika. Mnunuzi kwa hofu hutoa bei ya katikati, mwenye gari zima anaona hasara na kujitoa, soko linabaki na mikweche. Kwa hesabu hiyo soko la vyumba Dar es Salaam lingekuwa limekufa zamani. Halijafa, nami nathubutu kusema limeokolewa na sifa mbaya ya dalali. Anayemwamini msemaji hukagua kidogo. Anayejua kwamba anadanganywa hufungua bomba, huwasha taa, hunusa choo, husimama nje saa mbili usiku kusikiliza kama baa ya jirani inafunga au ndiyo kwanza inafungua, na humvuta pembeni mpangaji wa chumba cha pili kumuuliza kwa nini aliyetangulia aliondoka. Dalali angekuwa mkweli nusu ya wiki, tungelegea nusu ya wiki, na humo ndimo tungeumia.

Nasikia pingamizi la bei, na ni pingamizi zito. Chumba cha 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, ni 900,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 150,000 nyingine, bila kuhesabu hela ya kuonyeshwa na nauli ya kuzungushwa. Zaidi ya milioni imetoka kabla mtu hajanunua godoro. Lakini ada hii hulipwa mara moja. Aliyejipangia mwenyewe Chanika huku kazi yake iko Masaki hulipa ya kwake kila alfajiri, kwa usingizi, akiwa amesimama. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, umbali wa mji ulipimwa upya kwa wale walio kando ya njia yake, na kutajwa kwa kituo tu kukawa sababu ya kupandisha kodi. Wengine wanauita huo ulafi. Mimi nauita utafiti, tena ambao serikali haikuugharimia.

Watasema pia kwamba mtu huyu hajali utu, anajali pesa. Na iwe hivyo. Tuwakumbuke waliojali vitu vingine. Mkoloni alimpangia mtu mahali pa kulala kwa rangi ya ngozi, uzunguni, uhindini na uswahilini, na Oysterbay haikukatwa viwanja kwa ajili ya karani wa Kariakoo. Baada ya Uhuru lilikuja Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, kisha sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Nia ilikuwa ya haki, ila nyumba hazikuwatosha waliozitaka, na pasipotosha hapakosi wa kujuana. Dalali hakuulizi rangi, kabila wala umesoma na nani. Anauliza, bajeti yako shilingi ngapi? Swali hilo lina ukatili kidogo, lakini ndilo linalomwondolea mgeni ndoto kwamba anachagua mtaa. Mfuko umeshachagua, kilichobaki ni kuchagua kona. Hata masharti ya mwenye nyumba, kwamba hataki bachela au hataki watoto wengi, dalali huyatamka bila kuyapamba. Ukweli wake wote ameuweka hapo.

Kuna vijana wanaosema zama zake zimekwisha, vyumba sasa vinatafutwa mtandaoni. Wapige basi ile namba iliyo chini ya picha. Atapokea dalali, ambaye hajawahi kuiona nyumba hiyo, naye atampigia dalali wa eneo, ambaye atamtuma mdogo wake, na siku ya malipo watakuwa wanne wakigawana mwezi mmoja. Ni viwanda vingapi vinatoa ajira kwa kasi hiyo? Kilichoongezwa na simu ni picha tu, iliyopigwa kutoka kona ya mlango ili chumba cha kitanda kimoja kionekane ukumbi, na mgeni aliyefundwa benchini ana kwa ana anajua kuigawanya kwa mbili.

Sifa hizi simpi yule anayekipangisha chumba kimoja kwa watu watano, akapokea fedha za wote na kuzima simu. Huyo ni mwizi aliyeazima benchi. Dawa yake inajulikana: kodi anapewa mwenye nyumba mkononi, mkataba unaandikwa, na unapitia serikali ya mtaa kabla ya funguo kukabidhiwa. Dalali wa kweli hatakuzuia kufanya hayo yote. Atanuna tu, maana muda wake unapotea.

Lakini ushahidi wangu mkubwa kuliko wote ni mpangaji mwenyewe. Mwezi wa tatu anagundua kwamba amekosea, na kodi ya miezi sita hairudishwi. Inabidi atafute mtu wa kumwachia chumba na kumfidia miezi iliyobaki. Msomi huyo, mzee wa kanisa au ustadhi, aliyemlaani dalali kwa majina yote, anampeleka mgeni kuona mchana wa jua kali, anapita naye haraka mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, kisha anasema bila kufundishwa na mtu: maji yapo, mtaa umetulia, ila amua leo, kuna mtu anakuja na hela saa kumi.