Muuguzi wa Chatu

Mimi ni mtoto wa Muheza. Kwetu nyoka akionekana uani, kinachoulizwa ni fimbo iko wapi. Historia yake ya maradhi haimhusu mtu. Leo niko Columbus, Ohio. Nabeba boksi usiku kucha, alfajiri nafungua mlango, nakuta karatasi kwenye friji: "Baba, usisahau taulo la Biskuti. Maji yawe vuguvugu."

Biskuti ni chatu wa mwanangu. Si yule wa kumeza mbuzi. Ni yule mfupi wa Afrika Magharibi na ya Kati anayejiviringisha akiogopa, ambaye ni nadra kuzidi mita moja na nusu. Ghana, Togo na Benin zimewasafirisha ndugu zake kwa maelfu kuja Marekani. Mimi viza ilinitoa jasho. Ukoo wake uliingia kwa shehena.

Balaa lililetwa na baridi. Hita zikiwaka, hewa ya nyumba hukauka. Mimi midomo inapasuka, napaka mafuta, naenda kazini. Chatu hewa ikimkaukia, gamba linagoma kutoka. Nyoka mzima hufifia rangi, macho yakaingia ukungu wa bluu, akasusa chakula siku kadhaa, kisha akalivua gamba lote kwa mkupuo, kuanzia midomoni hadi mkiani. La Biskuti lilitoka vipande vipande. (Chama tawala kule nyumbani kilipotangaza kujivua gamba mwaka 2011, nacho hakikulimaliza siku moja.) Mwanangu akakosa subira, akabandua kipande kikavu kwa kucha. Kipande kikaondoka na ngozi changa ya chini. Kidonda hicho.

Kumbe mji huu una daktari wa wanyama watambaao. Alimpima Biskuti uzito, akamtafuta utitiri kati ya magamba, akampapasa uti wa mgongo taratibu, pingili kwa pingili. Mgongo wangu unauma tangu kiangazi na miadi yangu ya hospitali inasogezwa tu mbele.

Halafu masharti. Magome ya miti yaliyotandikwa kwenye tangi yatolewe, ziwekwe taulo za karatasi, zibadilishwe kila zikichafuka. Kidonda kisafishwe kwa iodini ya povidoni iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi iliyopwaya. Marhamu yenye dawa ya ganzi ni marufuku, inaweza kumdhuru. Unyevunyevu wa hewa upande hadi karibu asilimia 70, ila tandiko lisilowe, maana kidonda kikikaa kwenye majimaji kinaoza. Yaani pawe na unyevu, lakini pawe pakavu. Nilimgeukia mke wangu nione kama na yeye kasikia hivyo. Akaniambia, "Baba Salim, andika."

Gamba lililobaki halivutwi. Unalichovya taulo kwenye maji ya vuguvugu, unalikamua, unamwacha mheshimiwa apite ndani yake ajisugue mwenyewe, kwa kasi anayoitaka yeye. Na macho usiguse kabisa! Nyoka hana kope. Kila jicho limefunikwa na gamba moja angavu linalotoka pamoja na ngozi. Likibaki, ni kazi ya daktari, na daktari ana bili.

Basi juzi nimekaa sakafuni bafuni, yunifomu ya kazini mwilini, chatu katika taulo, mama akapiga simu ya video kutoka Muheza.

"Mwanangu, huyo si chatu?"

"Shikamoo mama. Ni chatu."

"Marahaba. Unamfanya nini?"

"Namuuguza."

Akanyamaza. Kisha nikamsikia akiwaita majirani waje waone.

Kidonda kinafunga, nashukuru. Lakini daktari anasema nyoka mwenye jeraha hujivua gamba mara nyingi zaidi, na kila gamba jipya huponya kidogo zaidi. Habari njema kwa Biskuti. Kwangu mimi ni taulo juu ya taulo. Tena chatu hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 20, hata 30. Salim anamaliza sekondari mwakani, aende chuo. Mabweni ya chuo hayaruhusu nyoka. Nimeshapiga simu kuuliza.