Sifa za Cha Juu

Naomba nafasi nikisifu kitu kisichosifiwa na mtu: cha juu ambacho viwanda vya sarafu vya serikali hutoza kwa sarafu za wakusanyaji. Madalali wa nyumba wa Umoja na Kayole hutukanwa kila mwisho wa mwezi, lakini hao ni wanagenzi tu. Mwaka 2021 kiwanda cha sarafu cha Marekani kiliuza sarafu yake ya tai wa fedha kwa dola 73. Ndani yake mlikuwa na gramu 31 za madini ambayo sokoni yalikwenda kwa dola 25 hivi, na juu yake pameandikwa dola 1. Bei tatu katika kipande kimoja, hakuna inayofanana na mwenzake, na mnunuzi anasema asante.

Anayeshangaa hajapanda nganya, yaani matatu yenye madoido. Kutoka Buruburu hadi mjini barabara ni ile ile ya Jogoo, msongamano ni ule ule, na magoti yanabanwa vile vile. Lakini kijana ataliacha gari tupu lenye mstari wa njano, asimame juani angoje lenye michoro na spika za kutikisa meno, kisha alipe zaidi. Marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi, alidhani mwaka 2004 kwamba magari yote yakipigwa mstari mmoja tutapona. Hatukupona. Sarafu ya mkusanyaji ni nganya ya watu wazima: madini ni yale yale, safari ni ile ile ya kwenda kabatini, kinacholipiwa ni michoro.

Na michoro ina kazi yake, tusiwe wachoyo wa sifa. Kalibu hung'arishwa, kipande hugongwa zaidi ya mara moja, mpaka sehemu tupu ikuonyeshe uso wako na picha ibaki na ukungu mweupe. Halafu kisanduku. Halafu cheti. Halafu onyo: usiiguse kwa vidole, jasho litaishushia bei. Shilingi kumi yetu imepita kwa makanga, kwa mama mboga, kwenye mdomo wa mtoto na kwenye kapu la sadaka, na bado ni kumi. Hiyo ni pesa isiyojiheshimu.

Zaidi ya hayo, cha juu hakiibiki. Mwizi akivunja mlango na kumpeleka tai kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, atapimiwa uzito pamoja na sufuria zako. Dola 48 za cha juu hatazigusa kamwe. Ni kweli hata wewe huzioni tena, maana zilibaki kwa muuzaji siku uliponunua, lakini angalau wewe na mwizi mko sawa.

Msidhani mambo haya ni ya Wamarekani tu. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta. Kubwa kuliko zote iliandikwa shilingi 500, nayo ilikuwa na gramu 38 za dhahabu ya karati 22. Bei rasmi ya dhahabu wakati huo ilikuwa dola 35 kwa aunsi, na dola ilikuwa shilingi saba na senti kadhaa. Piga hesabu utapata kama shilingi 280. Zile 220 zilizobaki zilikuwa za heshima. Wachokozi watasema dhahabu imepanda mno tangu hapo, hivyo mnunuzi hakula hasara. Wananikera. Kilichopanda ni dhahabu, na mimi hapa sisifu dhahabu.

Kosa letu lilikuja mwaka 2003. Nchi ilitimiza miaka 40 ya uhuru, ikatolewa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Mwai Kibaki, ikaachiwa sokoni kwa shilingi 40. Arobaini kwa arobaini! Watu wakaificha kwenye droo na chini ya magodoro, na leo ikijitokeza ndani ya matatu makanga huigeuzageuza kwanza kabla ya kuipokea. Kisha Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu kwenye pesa, na mwaka 2018 tukapewa twiga, kifaru, simba na ndovu, wote kwa bei iliyoandikwa.

Majirani wameerevuka zaidi. Tangu 2004 ndovu wa Somalia, shilingi 100 ya madini ya fedha, hugongwa Bavaria, Ujerumani, na hununuliwa na watu ambao hawajaiona Mogadishu. Ipeleke Eastleigh ukalipie kitambaa: mwenye duka ataitazama, atatazama simu yako, kisha atakuuliza kwa upole kama M-Pesa imekataa. Pesa ya taifa isiyohitaji taifa!

Hazina yetu ingejifunza. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipotaka kutoza mkate asilimia 16, nchi ilichemka, na hata pendekezo hilo lilipoondolewa vijana hawakurudi nyumbani. Cha juu cha tai wa 2021 kilikuwa zaidi ya asilimia 190, na waliokilipa walipanga foleni. Tatizo halikuwa asilimia. Mkate uliletwa bila kisanduku, bila cheti cha kuonyesha kwamba huu ni wa 412 kati ya 5,000.

Wala tusiseme hatuna kiwanda. Mwaka 1916 Wajerumani waliobanwa vitani waligonga rupia 15 za dhahabu, ndovu akiwa mbele ya mlima, katika karakana ya reli huko Tabora, na leo wakusanyaji huzilipia maelfu ya dola. Karakana ya reli! Nasi Makongeni na Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Kamukunji nyundo hazinyamazi tangu alfajiri. Katiba imekataza sura ya mtu, haikukataza sura ya matatu. Basi tugonge nganya ya Buruburu, shilingi 50, vipande 5,000, kisanduku cha mahameli, bei shilingi 12,000. Mimi nimeshajiandikisha namba 2. Namba 1 ina wenyewe.