Hongereni kwa Kuhama: Barua ya Wazi kwa Wenye Ligi ya Lakrosi

Kwa Waheshimiwa Wamiliki wa Timu na Kamishna,
National Lacrosse League,
Amerika ya Kaskazini, popote mlipo msimu huu.

Ndugu Waheshimiwa,

YAH: PONGEZI KWA SERA YENU YA KUFUNGASHA VIRAGO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Si kazi nyepesi kuendesha ligi ambayo ratiba mpya ikitoka, shabiki haangalii kwanza timu yake inaanza na nani. Anaangalia kama mji wake bado umo.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi, mtanivumilia nigeuke kidogo niwaeleze wasomaji wangu. Wengi wao hawajauona mchezo wenu, ingawa Waganda walishapeleka timu Denver mwaka 2014 kwenye mashindano ya dunia ya lakrosi ya nje, wakawa Waafrika wa kwanza kushiriki. Hii ya ndani ni hivi: unachukua ukumbi wa hoki, unatandika majani bandia juu ya barafu, unaweka watu 5 na kipa kila upande, kila mmoja na fimbo yenye wavu nchani. Robo nne, dakika 15 kila robo. Ukiupata mpira una sekunde 30 za kupiga golini, la sivyo unanyang'anywa. Watu wanabamizana kwenye mbao, muziki haunyamazi hata mchezo ukiendelea, na kipa amejazwa magodoro mwilini hadi huoni goli liko wapi. Mchezo mtamu. Sina ugomvi na mchezo.

Sasa turudi kwenye pongezi. Nianze na Edmonton, kwa sababu hapo mlionyesha ufundi wenu wote.

Edmonton Rush walianza mwaka 2006. Msimu ule wa kwanza walicheza mechi 16, wakashinda 1. Mtu aliyenunua tiketi ya msimu mwaka huo alikuwa amejinunulia huzuni kwa awamu. Wengine walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, katika baridi ya Alberta, jimbo lao, ambayo sina haja ya kuwasimulia. Timu ikakua. Mwaka 2014 ikashinda mechi 16, ikafungwa 2 tu. Juni 2015 ikawapiga Toronto Rock, ikabeba Kombe la Bingwa. Watu wakapiga picha, wakalia, wakakumbatiana na wasiowajua.

Julai ikatangazwa kwamba timu inahamia Saskatoon, katika jimbo jirani la Saskatchewan.

Waheshimiwa, naomba niwavulie kofia kwa uvumilivu huo. Mngeweza kuitangaza habari hiyo palepale uwanjani, nahodha akiwa bado ameliinua kombe. Mkasubiri mpaka mwezi ukaandama upya. Edmonton walipalilia misimu kumi. Mavuno yakapakiwa na kusafirishwa kilomita zaidi ya 500 kuelekea mashariki. Mmiliki, Bruce Urban, alisema biashara hailipi pale. Katikati ya mji ulikuwa ukijengwa ukumbi mpya wa kifahari, lakini ulikuwa nyumba ya watu wa hoki, na mgeni katika nyumba ya hoki anapangiwa siku ya kulala.

Jambo linalonifurahisha zaidi katika uhamisho huu ni hili: wachezaji hawakuhama. Hawakuwa na sababu ya kuhama, maana wengi wao hawakuwa wakiishi Edmonton hapo awali. Ligi yenu ni ya kulipwa, lakini malipo yake hayamtoshi mtu kuacha kazi. Kwa hiyo mlinzi wenu Jumatano ni zimamoto, Alhamisi yuko kazini bado, Ijumaa anabeba fimbo zake hadi uwanja wa ndege wa Toronto au Vancouver. Anacheza Jumamosi. Jumatatu amerudi kwenye zamu. Kwa mtu kama huyo, kuhama kwa timu maana yake ni kusoma upya jina la mji kwenye pasi ya kupandia ndege.

Basi nikajiuliza, ni nani hasa aliyehama? Si wachezaji. Kocha wa wakati huo, Derek Keenan, ni mtu wa Oshawa, Ontario, na mfungaji hatari Mark Matthews vilevile. Jina la Rush halikubadilika. Jezi iliongezewa kijani, rangi ambayo watu wa Saskatchewan wanaivaa kwa mapenzi ya timu yao ya futiboli ya Kanada. Kilichohama ni leseni, chapa, na sanduku la mipira. Waliobaki ni mashabiki. Kwa lugha ya ofisi zenu, huo ndio uhamisho uliofanikiwa.

Na ulifanikiwa kweli, hapo siwezi kuwakejeli. Msimu wa kwanza Saskatoon, mwaka 2016, Rush walishinda mechi 13 wakafungwa 5. Wakaingia fainali dhidi ya Buffalo Bandits. Mechi ya kwanza wakashinda ugenini 11 kwa 9. Ya pili, tarehe 4 Juni, ukumbi wa watu takriban 15,000 ukajaa hadi juu, katika mji ambao wote wakati huo haukufika watu laki tatu. Hadi dakika ya mwisho ni 10 kwa 10. Ndipo Jeff Cornwall, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia wapinzani wasifunge, akakimbia na mpira mbele, akapachika la 11, saa ikiwa na sekunde za kuhesabika. Ukitazama picha za tukio lile, huwezi kumwambia mkulima wa ngano aliyesimama juu ya kiti chake kwamba furaha ile ni ya wizi. Hakuiba kitu. Tena watu wa Saskatoon walishaonja upande wa pili wa dawa hii. Mwaka 1983 mfanyabiashara mmoja, Bill Hunter, alitaka kuwahamishia St. Louis Blues ya hoki mjini kwao; ligi ya hoki ikakataa. Wakajenga ukumbi wao hata hivyo, ukafunguliwa mwaka 1988, wakaketi kusubiri mtu wa kuujaza. Wakasubiri sana.

Kwa hiyo lawama zangu, kama zipo, hazielekei Saskatoon. Zinaelekea meza yenu.

Maana Saskatoon haikuwa ajali. Kwa msimu wa 2010 timu iliyotoka San Jose ilihamia Everett, jimbo la Washington, na msimu huohuo wa kwanza ikachukua ubingwa kwa kuwafunga Toronto. Naona mmegundua kwamba kuhama ni kocha bora kuliko makocha wote, na hadai mshahara. Ila kocha huyu ana vituko vyake. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ya Everett ilipata haki ya kuwa mwenyeji wa fainali. Ukumbi wao ukawa umeshikwa na shughuli nyingine. Fainali ya nyumbani ikabidi ichezewe Langley, ng'ambo ya mpaka, Kanada! Wakafungwa na Rochester kwa goli moja. Kwa msimu uliofuata wakahamia hukohuko Langley, wakashinda mechi 4, wakapoteza 14. Kocha yuleyule, dawa ileile.

Na kabla ya San Jose, timu hiyo ilikuwa wapi? Albany, New York. Hapa naomba tusimame kidogo, tuvue viatu.

Albany walipata timu mwaka 2000. Mwaka 2002 ikafika fainali, ikachezwa katika ukumbi wao wenyewe, wakafungwa na Toronto 13 kwa 12. Baada ya msimu wa 2003 timu ikaondoka. Mwaka 2021 mkawaletea nyingine. Hiyo ilianzia Philadelphia, ikapitia ukumbi wa kasino moja Connecticut, kisha ikaingia Albany, katika jengo lilelile ambalo sasa lina jina jingine ukutani. Ikayumba, ikasimama, mwaka 2024 ikafika fainali. Mwaka 2025 mkaipeleka Oshawa. Fainali mbili, kuondokewa mara mbili. Shabiki wa Albany akisikia timu imeanza kushinda, nadhani anaanza kukagua mlango wa nyuma kuona kama lori limeshafika.

Wako watakaowatetea. Watasema ni biashara, na ukumbi una wenyewe. Ni kweli, na historia iko upande wenu: lakrosi ya ndani ilipata nguvu mwaka 1931, wakati wenye kumbi na timu za hoki Kanada walipotafuta kitu cha kuwaingizia watu kwenye majengo yaliyokaa matupu kiangazi. Mchezo wenu umezaliwa na mwenye nyumba. Mji ni anwani tu. Makao halisi ni mkataba wa pango.

Lakini mchezo wenyewe mliuchukua kwa watu wenye mtazamo mwingine. Kwa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, lakrosi ni zawadi ya Muumba, huchezwa hata kumwombea mgonjwa. Septemba 2015, miezi mitatu tu baada ya Edmonton kulibeba kombe, taifa la Onondaga, mojawapo ya mataifa hayo, liliandaa mashindano ya dunia ya lakrosi ya ndani kwenye ardhi yake, karibu na Syracuse, na wageni wakagongewa muhuri wa Haudenosaunee kwenye pasipoti zao. Fainali timu ya Haudenosaunee ilifungwa na Kanada 12 kwa 8. Asubuhi yake timu yao ilikuwa bado yao. Jeremy Thompson, Mwonondaga, alikuwa mchezaji wa Rush Edmonton, na akawa mchezaji wa Rush Saskatoon. Ningependa siku moja mmuulize anavyoliona jambo hili la kuhamahama.

Ombi langu ni moja, na ni dogo. Kwenye tiketi za msimu, pale kwenye maandishi madogo ya mgongoni, ongezeni tarehe ambayo mkataba wa ukumbi unaisha. Andikeni kwa herufi kubwa kuliko bei. Mnunuzi ajue anapenda mpaka lini.

Naamini barua hii itawakuta mkiwa bado kwenye anwani ileile.

Wenu katika kufungasha,
Mwandishi

Nakala kwa:
Mashabiki, Edmonton (kwa taarifa)
Mashabiki, Albany (kwa taarifa, mara ya pili)
Mashabiki, Oshawa (kwa tahadhari)