Bahari ya Chemba

Nyie mnaoshuka Chemba na ndala za ufukweni, tusameheane. Wilaya hii ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na bahari haikuwamo kwenye mgao. Kondoa yenyewe haikuwa nayo. Miamba ipo, imechongwa na jua na mvua. Mkiitaka yenye michoro ya kale, endeleeni na barabara hadi Kolo. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora twiga wa kwenye miamba hiyo hawakuacha hata herufi moja ya majina yao. Mgeni wa nusu siku, aliyepanda kilima kwa kusukumwa, ndiye anayetafuta mkaa aandike lake, na namba ya simu juu yake. Ahsante, bwana mkubwa. Watafiti wa kesho wakishindwa kuelewa enzi zetu, watakubipu.